Dola Mia Tisa kwa Mwizi Mmoja

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya stoki ya misumari. Kuanzia leo lina kazi nyingine. Katibu wa kamati anaandika ripoti inayomfaa yeye, na siku wakiniuliza nilisema nini sitaki kutegemea kalamu ya mtu.

Kamati yenyewe ni watu kumi na mmoja. Kazi yetu ni kulishauri jimbo pesa za mwakani ziende wapi. Wafanyabiashara wa soko wamenituma mimi, Katungu, muuza saruji, mabati na misumari, mtoto wa Lubero niliyefika Kisangani na dola sabini na katoni mbili za vitasa. Wamenituma kwa jambo moja tu: mfereji. Mfereji wa soko umeziba tangu miaka minne, na kila mvua kubwa maji yanaacha barabara yanakuja kulala kwenye depo zetu. Kuuchimba upya ni dola elfu thelathini na sita.

Leo mwenyekiti wetu, Mama Wivine, alisoma orodha ya maombi. Mstari wa kumi na tisa: atelier ya useremala ndani ya gereza, wafungwa arobaini kwa mwaka, dola elfu thelathini na sita. Kiasi kilekile! Nikagawanya palepale. Mia tisa kwa kila kichwa. Dola mia tisa kumfundisha mwizi kushika randa. Mimi nani alinilipia nijifunze kushika mizani?

Nikainua mkono. "Mama présidente, tufute mstari wa kumi na tisa, pesa ziende kwa mfereji. Hesabu imejipanga yenyewe."

"Bon, Mama Katungu, tumekusikia. Lakini hapa hatufute kitu bila ripoti. Nani anaenda kule gerezani kuangalia?"

Wote wakaanza kusoma karatasi zao kama wanafunzi. Nikasema: mimi.

Sababu niandike, nisijifiche. Juni 2021 watu watatu waliruka ukuta wa depo yangu. Walibeba mali ya dola elfu saba na mia nne. Mlinzi wangu, Papa Isaïe, alipiga filimbi, wakamkata panga mkono wa kuume. Walishika mmoja tu, kijana wa kule Ubundu, anaitwa Héritier. Miaka mitano. Mahakama ilisema panga halikuwa lake, yeye alishika gunia. Mimi sikuona tofauti. Papa Isaïe ana miaka sitini na moja, na kila asubuhi ananifungulia lango kwa mkono wa kushoto. Serikali ilimpa kiasi gani ili ajifunze kuishi na mkono mmoja? Sifuri.

16 Septemba

Mvua. Si kubwa.

22 Septemba

Nimeenda gerezani kwa toleka. Mwenye baiskeli aliponiuliza namtembelea nani nikamwambia namtembelea mstari wa kumi na tisa. Akaongeza mwendo.

Aliyenipokea ni Papa Ambroise, karani wa gereza, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Akanionyesha atelier. Ni hangari moja, meza nne, watu ishirini. Wanatengeneza madawati ya shule. Nilikwenda kutafuta uvivu, sikuuona. Niliona kitu kingine: wazee wawili wamekaa chini wananyoosha misumari. Misumari iliyopinda, iliyong'olewa kwenye masanduku ya kale, wanaigonga juu ya jiwe moja moja.

Nikasema, "Msumari ulionyooshwa haushiki. Mtoto wa darasa la pili akitingisha dawati mwezi mmoja, umetoka."

"Tunajua, Mama," Papa Ambroise akasema. "Pesa ya misumari iliisha mwezi wa saba. Donc tunaweka miwili pahali pa mumoja."

Nikamuuliza wanaopata atelier wanachaguliwa namna gani. Nilikuwa na jibu langu tayari: wanachaguliwa wapole, wenye kusali, halafu wakitoka wasiporudi wakubwa wanasema ona, atelier imewageuza. Mtu mpole hata ukimfundisha kupiga miayo hatarudi.

Papa Ambroise akacheka. "Wapole? Mama, zamani nafasi ziliuzwa. Capita, mukubwa wa wafungwa, alikuwa anauza mpaka watu wakapasuana vichwa. Sasa ni ndoo."

Akanionyesha ndoo ya plastiki, ya bluu. Kila miezi sita, mfungwa yeyote aliyebakiza walau nusu mwaka anaandikisha jina. Wakiwa hamsini, vifuniko vya chupa hamsini vinaingia ndani ya ndoo: ishirini vya bia, thelathini vya soda. Unafungwa kitambaa machoni, unachovya mkono. Kifuniko cha bia, unaingia atelier. Cha soda, unarudi kukaa.

Nikasema ni mchezo wa watoto. Pesa ya umma inagawanywa kwa vifuniko vya bia!

Nilipokuwa natoka, mtu mmoja kwenye mstari wa chakula akaniita jina. Nilimtambua kwa masikio yake, yaleyale ya mahakamani: Héritier. Alikuwa ameshika sahani ya vungule, yale mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, na amekonda.

"Mama Katungu. Papa Isaïe anaendelea aje?"

"Usitaje jina yake," nikamwambia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, toleka zote nikazipita. Kwa hasira. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

25 Septemba

Mvua saa tatu bila kupumua. Maji sentimita nane ndani ya depo. Mifuko kumi na minne ya saruji imekuwa mawe.

3 Oktoba

Papa Néhémie amepita dukani. Ndiye rais wa wafanyabiashara wa soko, anauza vitenge na maneno. Alikanyaga mbao nilizoweka juu ya maji kama mtu anayevuka mto.

"Dada, ile ripoti?"

"Naandika."

"Unaandika nini wiki zote hizi? Andika: wezi hapana, mfereji ndiyo. Mistari miwili. Hata mimi nisiyesoma sana naweza kukuandikia."

Tukacheka. Nilimuahidi mwisho wa mwezi.

8 Oktoba

Siku tatu niko kwenye chumba cha Papa Ambroise. Nilienda kutafuta msumari wa mwisho wa jeneza la mstari wa kumi na tisa. Nilitaka kuonyesha kwamba waliotoka atelier wanarudi gerezani kama wengine. Namba moja, basi, kazi kwisha.

Papa Ambroise ana daftari la ndoo. Kila mchovyo tangu Desemba 2022 umeandikwa: jina, kifuniko, na alama ya kidole gumba. Waliopata wametia kidole, waliokosa wametia kidole. Nikamuuliza kwa nini aliandika na waliokosa.

"Kwa sababu walikuwa wananisingizia, Mama. Kila aliyekosa alisema Ambroise ameuza. Bon, nikasema, weka kidole yako hapa, kila mutu aone umechovya na umekosa. Nililinda jina yangu, ni hivyo tu."

Alikuwa analinda jina lake. Hakujua ameweka nini ndani ya kabati.

Niliposhika kalamu nikaona. Waliopata na waliokosa ni watu walewale. Wezi walewale, njaa ileile, vungule ileile. Hakuna aliyechagua wapole. Ndoo haijui nani anasali. Kilichowatenga ni kifuniko tu, na baada ya kifuniko, miezi sita ya randa. Hoja yangu yote ya wapole ilikuwa imekufa kabla sijaja, imeuawa na ndoo ya plastiki.

Nikachukua mchovyo wa kwanza wa kila mtu, nisidanganywe na waliochovya mara nyingi. Nikachukua waliokwisha kutoka gerezani, walau mwaka mmoja nje. Nikawatafuta kwenye daftari la wanaoingia.

Waliopata: hamsini na wanne. Waliorudi: saba.

Waliokosa: tisini na saba. Waliorudi: thelathini na watatu.

Nikahesabu mara ya pili kuanzia mwisho. Thelathini na watatu. Katika mia, kumi na watatu kwa thelathini na wanne. Labda wengine wako Bunia, labda wengine wamekufa, lakini Bunia na kaburi havichagui kifuniko pia.

Papa Ambroise akaleta chai. "Mama, umepata ulichokuwa unatafuta?"

Nikamwambia chai yake haina sukari.

9 Oktoba

Sikuandika ripoti. Mvua.

20 Oktoba

Wiki nzima nimezunguka soko nikiuliza swali moja: wizi wa mwisho, ulipoteza kiasi gani? Wafanyabiashara kumi na wanne wamenijibu. Wastani ni dola elfu nne na mia moja.

Basi hesabu ni hii. Katika watu arobaini wa atelier, wanane hawarudi ambao wangerudi. Anayerudi anakaa kama miaka mitatu. Chakula, dawa na karatasi zake ni dola elfu moja mia sita na hamsini. Ongeza alichoiba kabla ya kukamatwa. Mara nane: elfu arobaini na sita. Atelier ni thelathini na sita. Jimbo na sisi wa soko tunabaki na elfu kumi mkononi, hata kabla ya kuhesabu dawati moja.

Sisemi wanastahili. Kustahili ni neno la padri. Mimi nasema tunalipa kwa vyovyote, na kulipa kwa njia ya atelier ni rahisi zaidi. Nachukia sentensi hii. Nimejaribu kuivunja siku kumi na mbili, haivunjiki.

Mkono wa Papa Isaïe sikuuweka kwenye hesabu. Sijui unaandikwa safu gani. Asubuhi nilienda kukaa naye langoni.

"Papa Isaïe, wakikuuliza wewe, hii pesa ingeenda wapi?"

"Kwa mfereji, Mama. Nimechoka kukaa miguu ndani ya maji kama bata."

"Na atelier?"

Akazungusha filimbi yake kwenye kamba. "Unataka nikuambie nimemusamehe yule kijana? Sijamusamehe. Hii mukono inalia kila mvua. Alors, nikuulize miye. Anatoka lini?"

"Juni. Tarehe kumi na tano."

"Akitoka, iko anajua kazi gani?"

"Hakuna. Amechovya mara sita, mara sita soda."

"Na ukuta, anajua ya nani?"

Nikageuka kuutazama.

"Yetu," akasema. "Ni hiyo tu anajua muzuri mu Kisangani."

28 Oktoba

Soko limejua. Nani amesema, sijui. Papa Néhémie amekuja na watu watano wakasimama mbele ya kaunta yangu wakati wateja wapo.

"Wapendwa, tulimutuma mama kuua nyoka, amerudi nayo kwa kikapu!"

Wakacheka. Mimi nikaendelea kupima misumari.

"Papa Néhémie, hesabu iko hapa. Soma."

"Sitaki hesabu yako. Mwizi alikukatia mulinzi, leo unamutafutia mushahara. Ama iko soko unatafuta? Atelier inataka misumari kilo ngapi kwa mwaka, dada? Nani mu Kisangani anauza misumari ya inchi tatu kama si wewe?"

Hapo ndipo iliponiuma. Si kwa sababu ni uongo. Ni kwa sababu nilikuwa nimeshahesabu: kilo mia sita na arobaini. Nilihesabu tangu siku ya kwanza, niliponusa tu ile hangari. Siwezi kuona mbao bila kuhesabu misumari yake.

Mchana wateja wawili wakubwa wamehamisha oda zao.

5 Novemba

Mvua kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Mto Tshopo umepanda, umeme wa bwawa umekatika, maji yamefika goti ndani ya depo. Tulibeba mabati mimi, Papa Isaïe na majirani wawili. Nasema majirani: walibeba bila kuniangalia usoni. Saruji mifuko mia moja na sita, yote imekufa. Katoni za rangi zilikuwa zinaelea, zinagongana polepole.

Papa Isaïe alishika ncha ya bati kwa mkono mmoja na meno. Nilimwambia aache. Hakuacha.

Hasara dola elfu moja mia tano na themanini. Na wiki ijayo nasimama mbele ya kamati kusema mfereji ungoje. Nimeketi juu ya kaunta na miguu juu, naandika hili, na nasema wazi: kama mtu angenipa leo sababu moja ya kweli ya kuichana ile ripoti, ningeichana. Nimerudia namba zote. Thelathini na watatu bado ni thelathini na watatu.

12 Novemba

Kura.

Chumba kilikuwa na joto. Papa Néhémie si mjumbe, lakini alikaa nyuma na watu wa soko, wameshika viatu vyao vyenye matope mkononi ili tuone. Vizuri sana. Mimi pia ningefanya hivyo.

Nilisoma ripoti kurasa nne. Nilieleza ndoo. Mjumbe mmoja akacheka kusikia vifuniko vya bia, nikamwambia acheke vizuri, kwa sababu hakuna daktari wala profesa katika jimbo hili aliyetupa jaribio safi kuliko ndoo hiyo: watu haohao, bahati tu imewagawa, halafu tumesubiri kuona. Nikasoma saba katika hamsini na wanne. Nikasoma thelathini na watatu katika tisini na saba. Nikasoma hasara za soko, bila majina, lakini kila mwenye duka nyuma alitambua ya kwake.

Sauti ya Papa Néhémie: "Na misumari?"

Mama Wivine akataka kumnyamazisha. Nikasema hapana, ameuliza vizuri. "Katibu, andika kwenye procès-verbal ya kikao hiki: Katungu hatauza msumari hata mmoja kwa gereza, wala mtu wa nyumba yake, maadamu yuko hai. Andika na tarehe."

Kelele zikashuka. Lakini kura ni kura. Tulizunguka meza: ndiyo, watano pamoja na mimi; hapana, watano. Mmoja alikuwa hajasema, Papa Timothée wa wavuvi, mtu wa kupima maneno kama mafuta ya kupikia. Akasema hesabu ameielewa, lakini hawezi kurudi kwa watu wake na mkono mtupu, nao wanauza samaki ndani ya maji yaleyale. Na mjumbe mmoja wa ndiyo akaanza kusema kweli, kweli.

"Mutupe kitu kwa mfereji," Papa Timothée akasema. "Hata kidogo."

Nikaona kura yangu inapotea. Nikafanya ninachofanya kila siku dukani. Nikakata. Atelier watu thelathini badala ya arobaini, dola elfu ishirini na saba. Elfu tisa ziende kuchimba robo ya mfereji, ile iliyoziba zaidi. Ilichukua labda dakika tatu. Sita kwa watano. Imepita.

Mhandisi ameshasema robo hiyo itaanza upande wa samaki na itaishia mita ishirini na tano kabla ya depo yangu.

Nje, Papa Néhémie alinisubiri. Nilifikiri atanitukana. "Dada, unajua kuuza," akasema. "Umewauzia hata mimi nilikuwa karibu kununua. Lakini mwakani hatukutumi."

"Najua."

13 Novemba

Nimelala mchana. Jambo ambalo sijafanya tangu 2009.

21 Novemba

Mteja mmoja amerudi. Nilimpunguzia.

Jumatatu, 1 Desemba

Papa Ambroise alinialika kushuhudia ndoo, kwa kuwa kamati sasa inataka ripoti kila mwaka na ni mimi niliyetaka orodha ya waliokosa itunzwe pamoja na ya waliopata. Zisipotunzwa zote mbili, hakuna hesabu. Hayo ni maneno yangu, yako kwenye procès-verbal.

Majina arobaini na sita. Uani kulikuwa na matope, mvua ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Wafungwa walikaa mistari mitatu, kimya kama kanisani. Papa Ambroise alimimina vifuniko mezani ili wote wahesabu. Thelathini vya soda. Ishirini vya bia, alivyozoea. Halafu akakumbuka. Akatoa vitano vya bia pembeni, akaongeza kimoja cha soda, akaniangalia.

"Ni kumi na tano sasa, Mama. Ndiyo?"

"Ndiyo."

Vile vitano akaviacha mezani mbele yangu. Hakuwa na ubaya, hakuwa na mahali pengine pa kuviweka. Vilikaa hapo muda wote.

Héritier alikuwa wa kumi na mbili. Alibakiza miezi sita na nusu. Huu ulikuwa mchovyo wake wa mwisho. Wakamfunga kitambaa. Alipita mezani karibu yangu, na masikio yake yale. Nilikuwa nataka kifuniko cha bia. Mimi. Si kwa upendo, sitadanganya daftari langu. Nilikuwa nimehesabu ukuta wangu.

Akachovya. Akazungusha mkono muda mrefu mpaka wengine wakapiga kelele: "Ndugu, unapika fufu?" Akacheka, akatoa.

Soda.

Alijivua kitambaa, akakigeuza kifuniko kana kwamba upande wa pili utasema kingine. "Mara ya saba," akamwambia Papa Ambroise. Akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye daftari. Kisha akaona vile vitano mbele yangu.

"Na hizi, Mama? Ni za nani?"

Ningeweza kumwambia ni za mfereji. Ningeweza kumwambia bila kuzikata hata zile nafasi kumi na tano zisingekuwepo, na ni kweli, kura zilihesabiwa. Nilisema, "Ni mimi nilizitoa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. "Bon. Mumusalimie Papa Isaïe."

Safari hii sikumkataza.

Nikaandika orodha ya waliokosa kwa mkono wangu mwenyewe. Wa nane kwenye orodha: Héritier, kutoka 15 Juni 2026. Katika mia, thelathini na wanne. Ni mara ya kwanza namba yangu ina masikio.

Niliporudi, Papa Isaïe alikuwa anafagia maji langoni kwa mkono wa kushoto. Nikampa salamu kama zilivyotolewa. Nikamweleza kifuniko, na vile vitano, na nani alivitoa. Alifagia mpaka maji yakafika barabarani.

"Tarehe kumi na tano ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumatatu niko kazi," akasema. "Akikuja kwa lango, muchana, nitamufungulia, utamuuliza anatafuta nini. Akikuja kwa ukuta, nitapiga filimbi."

Nimemwambia aandae kiti cha pili hapo langoni, cha atakayekuja mchana. Akasema kiko kimoja, kinataka misumari tu.